Wodi ya njiti Mtwara: mtoto anahudumiwa vizuri, mama aliyefiwa anaachwa peke yake

Huduma ninayoitathmini hapa ni ile wanayopewa wazazi na ndugu katika kitengo cha watoto wachanga mahututi cha hospitali moja kubwa mkoani Mtwara. Mdogo wangu alijifungua pale pacha wa kiume mimba ikiwa na wiki 30, na mmoja wao alifariki kabla ya kufikisha siku saba, wakati mwenzake aliruhusiwa kwenda nyumbani akiwa mzima. Mimi ndiye niliyekuwa nikimuuguza tangu alipopokelewa hadi alipotoka, kwa hiyo niliiona huduma hiyo kwa familia yenye mtoto anayepona na kwa familia inayozika, ndani ya wodi moja na kwa mama mmoja. Jina la hospitali nimeliacha makusudi, kwa sababu ndugu na marafiki wa Lindi, Masasi na Nachingwea wameniambia kwamba mengi ninayoyalalamikia wameyakuta kwingine pia, na kwa sababu baadhi ya waliotutendea wema wangetambulika na kuulizwa kwa nini walikwenda kinyume na taratibu za zamu.

Nianze na uamuzi wangu, ili anayesoma kwa haraka asipotee. Kwa mtoto aliye hai, kitengo hiki kinafanya kazi kwa ustadi ambao miaka michache iliyopita tungeufuata Dar es Salaam, na mama anashirikishwa katika matibabu kama mtu ambaye bila yeye matibabu hayaendi. Mtoto akifariki, mama huyo huyo anakoma ghafla kuwa mgonjwa wa mtu yeyote. Faili lilikuwa la mtoto, na likifungwa, yeye hana pengine anapoandikwa.

Mapokezi hayakuwa na kasoro. Uchungu ulimshika mdogo wangu usiku akiwa wilayani Tandahimba, zahanati ikapiga namba 115 ya mfumo wa m-mama, ambao husafirisha bila malipo wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga wanaohitaji rufaa ya dharura, na gari likafika kabla shemeji hajamaliza kutafuta la kukodi. Wazee wetu wanakumbuka kwamba rufaa ya kusini ilimaanisha Ndanda au Nyangao kwa wamisionari, na ikishindikana huko, barabara ya kilomita zaidi ya 500 hadi Dar es Salaam, safari ambayo mtoto wa kilo moja na kidogo hawezi kuimaliza. Leo kuna hospitali za mikoa zilizoboreshwa, na kuna Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini pale Mitengo iliyozinduliwa rasmi 2023, hivyo mtoto njiti wa Tandahimba au Newala anaweza kufika penye hewa ya oksijeni na mashine ya joto siku hiyo hiyo aliyozaliwa.

Pacha walizaliwa kwa upasuaji, wa kwanza akiwa na gramu 1,100 na wa pili gramu 1,350. Kwenye plasta za mikononi mwao waliandikwa jina la mama pamoja na herufi, A na B. Wote wawili waliwekwa kwenye joto, na yule mdogo, ambaye kifua kilikuwa kikibonyea kila anapovuta pumzi, akaunganishwa na mashine ya kusukuma hewa puani, ile yenye chupa ya maji inayotoa mapovu muda wote. Nesi wa zamu alimweleza baba yao kila kifaa ni cha nini kabla hajamruhusu asogee, jambo dogo lililomtuliza sana mtu aliyekuwa akidhani kwamba mapovu yale ni dalili ya mashine kuharibika.

Eneo ambalo ningekipa kitengo hiki alama zote ni la maziwa. Mdogo wangu alikuwa hajaweza kukaa sawasawa nesi alipokuja na sindano isiyo na mwiba, akamwomba ruhusa, akamwonyesha namna ya kuweka kidole gumba juu na vidole vingine chini ya titi, nyuma kidogo ya sehemu nyeusi, kisha kusukuma kuelekea kifuani ndipo abane, bila kuivuta chuchu wala kuteleza juu ya ngozi. Kwa muda mrefu hakikutoka kitu. Kisha likatokea tone moja zito la njano, nesi akalinyonya kwa sindano palepale lilipotokea, akalisubiri jingine, na alipopata kiasi ambacho mimi ningekiona ni cha kumwaga akasema, "Mama pacha, hii ndiyo dawa yao ya kwanza, hatumwagi hata tone." Maziwa hayo yaligawanywa kwa watoto wote wawili kwa mrija mwembamba uliopita mdomoni hadi tumboni, sindano ikiwa imeinuliwa juu ili yashuke yenyewe taratibu. Baadaye yule mkubwa alianza kunyweshwa kwa kikombe kidogo, kwa kuwa chupa za kunyonyea haziruhusiwi wodini, na mdogo wangu, ambaye mtoto wake wa kwanza alinyonya bila mtu yeyote kumfundisha, aliniambia kwamba hajawahi kufundishwa mwili wake kwa heshima namna ile.

Kangaruu nayo inafanyika kwa dhati, wala si picha ya kubandika ukutani tu. Mtoto huvuliwa, akabaki na nepi, kofia na soksi, akawekwa wima kati ya matiti ya mama, ngozi kwa ngozi, kisha akafungwa kwa khanga au kitenge hadi usawa wa sikio. Njia hii ilianzia Bogotá, Kolombia, mwishoni mwa miaka ya 1970, ambako mashine za joto hazikuwatosha watoto, lakini ushahidi uliobadilisha utaratibu wa wodi nyingi ni wa karibuni, na Tanzania ilishiriki kuupata. Utafiti uliofanyika Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, matokeo yake yakachapishwa 2021, ulionyesha kwamba watoto wenye uzito wa kati ya kilo 1 na chini kidogo ya kilo 1.8 walioanza kukaa kifuani mara baada ya kuzaliwa, bila kusubiri kwanza hali zao zitulie, walipungukiwa na vifo kwa robo kulinganisha na waliosubirishwa. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likatoa mwongozo kwamba mtoto njiti akae hivyo kati ya saa 8 na 24 kwa siku, na kwamba familia ishirikishwe katika matunzo tangu mwanzo.

Ni katika ushirikishwaji huo ambapo nilikipenda zaidi kitengo. Mama wa pacha ana kifua kimoja, tena hiki kilikuwa cha mtu aliyetoka kupasuliwa. Nesi mkuu wa wodi hakuona tabu kumwita bibi yao mzaa baba, akamwamkia, akamuuliza kama ana kikohozi au ugonjwa wa ngozi, akamwelekeza kunawa mikono hadi kwenye viwiko, akamfunga mjukuu kifuani. Bibi alikaa pale saa nyingi bila kuomba hata maji, akimwimbia taratibu kwa Kimakonde, na kila nesi aliyepita alimwambia jinsi joto la mtoto linavyoendelea. Viti, kwa bahati mbaya, ni vya plastiki visivyo na pa kuegemeza kichwa, na viwili vilikuwa na mguu uliopasuka. Hospitali iliyoweza kupata mashine ile ya mapovu haishindwi kupata viti sita vya kuegemea.

Mawasiliano kuhusu hali ya mtoto yalikuwa mazuri asubuhi na mabaya jioni. Asubuhi, baada ya watoto kupimwa uzito, daktari huwapitia na mama akiwepo, na siku ambayo mzani ulionyesha kwamba wote wawili wamepungua, daktari yule kijana alikaa chini akaeleza kwamba njiti hupoteza uzito siku za mwanzo na huurudia katika wiki ya pili, kwa hiyo mama asifikiri maziwa yake hayafai. Jioni majibu hutolewa kwa mkato, na usiku hutegemea kabisa ni nani yupo zamu. Malalamiko haya ni ya kawaida katika hospitali zetu na sitayarefusha, ila kwa wodi ambayo hali ya mgonjwa hubadilika kwa dakika, usiku ndiyo wakati ambao familia inahitaji kuambiwa zaidi.

Mahali pa kulala ndipo palipo na kasoro kubwa kwa wazazi wa watoto walio hai. Kina mama hulala wodi nyingine, ng'ambo ya uwanja, na hutakiwa kurudi kila baada ya saa tatu kukamua na kulisha, usiku na mchana. Mdogo wangu, akiwa na nyuzi mpya tumboni, alivuka uwanja ule saa tisa za usiku akishikilia ukuta, mvua ikinyesha, na hakuwa peke yake. Vitengo vinavyotajwa kuwa vya mfano siku hizi huweka kitanda cha mama ndani ya chumba cha mtoto, na utafiti nilioutaja ulifanyika katika vyumba vya namna hiyo. Najua jengo halibadilishwi kwa maoni ya mteja, lakini njia yenye paa na taa mbili inawezekana.

Kuhusu gharama, sera inasema huduma kwa mama mjamzito na mtoto wa chini ya miaka 5 hazilipiwi katika vituo vya serikali, na kwa kitanda, daktari na oksijeni hatukudaiwa. Vitu vidogo vidogo tulivinunua nje, na chakula ni juu ya ndugu. Sahani ya wali na samaki kwa mama lishe nje ya geti ni shilingi 2,000 hadi 3,000, na uji unapatikana tangu alfajiri. Kwa familia inayosubiri fedha za korosho, wiki kadhaa za namna hiyo ni mzigo, na nilimshuhudia mama mmoja akigawana sahani na mwenzake wa kitanda cha jirani bila kulisemea. Mabadiliko ya sheria za kazi ya 2025 yamewaongezea waajiriwa waliojifungua njiti muda wa likizo hadi pale mimba ingetimiza wiki 40, na baba akapewa siku 7 badala ya 3, hatua niliyoifurahia. Ila katika wodi ile sikumkuta mama mwajiriwa hata mmoja. Walikuwa wakulima, wauza samaki na mafundi cherehani, na baba zao walikuwa wakiruhusiwa kuingia mara moja tu kwa siku, saa ya kuangalia wagonjwa, kama vile wao ni wageni wa mtoto.

Sasa nifike kwenye kifo.

Nchini kwetu, utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa 2022 ulihesabu vifo 24 vya watoto wa chini ya siku 28 katika kila watoto 1,000 waliozaliwa hai, na lengo la dunia ni kufikia vifo 12 au pungufu ifikapo 2030. Vifo hivyo haviwezi kuwa jambo la kushtukiza kwa kitengo kinachopokea watoto wagonjwa kuliko wote wa mkoa mzima. Wodi ya namna hii inajua kwamba mwezi huu itapoteza watoto, kwa hiyo inatarajiwa iwe na utaratibu wa siku hiyo, ulioandikwa, ambao nesi mpya na nesi mkongwe wataufuata sawasawa. Utaratibu huo sikuuona. Nilichokiona ni nesi mmoja mwenye utu wa kupita kiasi.

Hali ya pacha A ilibadilika usiku. Nesi huyo hakusubiri yaishe ndipo atume mtu. Alikuja mwenyewe wodi ya wazazi, akamwamsha mdogo wangu kwa kumshika bega, akamwambia kwa sauti ya kawaida kwamba mtoto amechoka sana, kwamba daktari yupo naye, na kwamba ni vizuri mama awe karibu. Alituruhusu sote watatu, mama, bibi na mimi, ingawa saa hiyo ndugu hawaruhusiwi. Ilipodhihirika kwamba hakuna la kufanya, daktari alisema neno "amefariki", hakusema "ametutoka" wala "tumejitahidi", na ninamshukuru, maana mtu aliyelala saa mbili kwa siku hawezi kufumbua mafumbo. Nesi akaondoa mrija na kifaa cha puani, akailainisha kwa maji ya vuguvugu plasta iliyokuwa imegandia shavuni ili isichune ngozi, akampangusa uso, akauliza, "Mama, khanga yako ya kumfunikia ni ipi?" Akatuwekea kigoda pembeni, akavuta shuka juu ya kamba kuwa pazia, akatuacha. Mdogo wangu alimpakata mtoto yule, kwa mara ya kwanza bila mrija wowote, hadi kulipokucha.

Watu wa nje huenda wasitambue uzito wa jambo hili kwetu. Katika familia nyingi za Kiislamu za pwani hii wanawake hawaendi makaburini siku ya maziko. Mtoto aliyelia akizaliwa, kwa madhehebu ya Shafi ambayo ndiyo ya wengi huku, hupewa jina, huoshwa, huvikwa sanda na kusaliwa kama mtu mzima, na yote hayo mama aliye kitandani na nyuzi za upasuaji hayaoni. Muda pekee atakaokuwa naye ni ule wa wodini. Ukimnyima, humlipi baadaye kwa kumpeleka kaburini, na kwa sababu hiyo ninasema kwamba pazia na kigoda katika hospitali ya Mtwara vina uzito kuliko katika nchi ambako wazazi wote wawili hulifuata jeneza hadi mwisho. Kwa Wakristo wa Masasi na Ndanda kuna jambo lao: Kanisa Katoliki linaruhusu mtu yeyote kumbatiza kwa maji mtoto aliye hatarini, na nilimsikia nesi huyo huyo akimuuliza mama mwingine, mapema, kama angependa mwanawe abatizwe. Sijui alijifunza wapi kuuliza hivyo, lakini swali hilo linastahili kuwa kwenye fomu ya kupokelea.

Hilo ndilo zuri. Upande wa pili ni mama kijana kutoka Nanyumbu, kitanda cha dirishani, aliyefiwa na mtoto wake wa pekee siku mbili baadaye, mchana, zamu nyingine ikiwa kazini. Yeye aliitwa baada ya mambo kwisha. Alimkuta mtoto ameshafungwa, akaambiwa asilie kwa sauti kwa sababu kuna kina mama wengine wenye watoto, na kwamba yeye bado binti mdogo, atapata mwingine. Kufikia alasiri alikuwa ameshapewa karatasi ya kuruhusiwa, amekaa kwenye benchi la nje na mfuko wake, akisubiri ndugu waliokuwa wakitafuta nauli. Sitaki kusema kwamba manesi wa mchana ni watu wabaya. Walikuwa wawili kwa watoto wengi, na bila shaka wamewaona wengi wakifa hadi wamejifunza kuharakisha. Lakini kama heshima ya mama aliyefiwa inategemea saa aliyofia mwanawe, basi hospitali haina huduma hiyo.

Yule binti aliondoka na matiti yaliyojaa. Maziwa huingia kwa wingi kati ya siku ya pili na ya tano baada ya kujifungua, mtoto awe hai au amefariki, na hakuna aliyemwambia. Wodi iliyomfundisha kukamua tone kwa tone haikuwa na sentensi moja ya kumfundisha namna ya kuyakausha: kwamba avae sidiria inayoshika bila kubana, aweke kitambaa cha maji baridi, atumie paracetamol, akamue kidogo tu pale maumivu yanapozidi na asikamue hadi titi liwe tupu, na kwamba akiona wekundu au homa arudi kituoni. Bibi wa pacha wetu alitaka kumfunga khanga ya kumbana sana, kama walivyofanyiwa wao, nikamzuia kwa adabu, kwa kuwa kubana huko huzidisha maumivu na huweza kuziba mirija. Hakuna pia aliyemwambia kwamba mwanamke asiyenyonyesha anaweza kushika mimba tena hata kabla ya wiki 6 kutimia, wakati mwili wake, hasa wenye kidonda cha upasuaji, unahitaji muda. Mambo haya yangeenea kwenye karatasi moja, upande mmoja, kwa herufi kubwa.

Wala hakupewa tarehe ya kurudi. Mama hutakiwa kuangaliwa tena katika wiki ya 6 kwa ajili ya afya yake mwenyewe, lakini katika mazoea yetu kliniki hiyo huandikwa kwenye kadi ya mtoto, kwa hiyo aliyezika mtoto hana kadi, na asiye na kadi hana siku. Sisi tulirudi, kwa kuwa pacha B alikuwa na miadi, na mdogo wangu akapimwa shinikizo la damu na kuangaliwa mshono kwa mgongo wa mwanawe aliye hai. Kama na huyo angefariki, nina hakika tusingerudi kamwe.

Afisa ustawi wa jamii alifika kitandani kwetu kuuliza kuhusu uwezo wa kulipia vitu ambavyo hatukuwa tunadaiwa. Alikuwa mpole, ila kuhusu msiba hakuwa na la kusema zaidi ya pole. Vivyo hivyo kuhusu chanzo cha kifo. Hospitali zetu zinatakiwa kufanya mapitio ya vifo vya kina mama na vya watoto wachanga, wataalamu wakakaa na kuuliza nini kilitokea na nini kingezuilika. Ni utaratibu mzuri, lakini familia haiitwi hata baadaye kuelezwa walau kwa dakika kumi. Matokeo yake ni kwamba watu hujieleza wenyewe: kijijini kuna waliosema ni jicho, wengine wakasema mama alibeba ndoo ya maji, na shemeji alikaa muda mrefu akiamini kwamba laiti angekodi gari saa moja mapema mtoto angepona. Daktari alijua kwamba mapafu ya wiki 30 yalikuwa hayajakomaa, na kauli hiyo ingemwondolea baba yule mzigo ambao hakustahili kuubeba.

Kuhusu karatasi, baba alipewa kibali cha mazishi bila usumbufu, kisha akakabidhiwa mwili mlangoni na kuachiwa ajue usafiri mwenyewe. Alipanda bajaji hadi kwa ndugu zetu Chikongola, khanga mkononi, akalazimika kumjibu dereva aliyekuwa akimpongeza kwa kupata mtoto. Mama mwosha maiti wa mtaa, aliyekuja na karafuu maiti na sanda aliyoikata mwenyewe, ndiye aliyeuliza kwanza jina la marehemu, na jina likatolewa palepale. Mtoto aliyezaliwa hai kisha akafa ana haki ya kusajiliwa kuzaliwa kwake na kufa kwake, na hilo nalo tulilijua baadaye, kwa kuuliza wenyewe, wakati tukichukua cheti cha kuzaliwa cha mwenzake.

Nirudi kwa huyo mwenzake, kwa kuwa hapa hospitali ilijifunza mbele ya macho yetu. Baada ya kifo, kila aliyeingia zamu alimwambia mdogo wangu ashukuru kwa kubakiwa na mmoja, na wapo waliouliza, "Mwenzake yuko wapi?" wakiwa wameisoma herufi B. Nesi mmoja akashauri plasta ibadilishwe iandikwe bila herufi, ili maswali yaishe. Mama alikataa. Alisema herufi ile ndiyo ushahidi pekee pale ndani kwamba mwanawe hakuzaliwa peke yake. Nilimsimulia nesi mkuu kwamba katika baadhi ya hospitali za Uingereza huwekwa picha ya kipepeo wa zambarau kwenye kitanda cha pacha aliyefiwa na mwenzake, ili kila anayefika ajue bila kuuliza. Hakujibu kitu, lakini kesho yake faili lilikuwa na nyota ndogo ya kalamu nyekundu kwenye kona, na maswali yakakoma. Haikugharimu senti.

Niliandika barua kwenye sanduku la maoni, kurasa mbili, na kinyume na nilivyotarajia nilipigiwa simu na ofisi ya mganga mfawidhi. Aliyenipigia hakubishana nami. Alisema suala la pazia na la karatasi ya maziwa yanawezekana, la kumpigia simu mama aliyefiwa baada ya wiki moja litahitaji mtu na vocha, na la vyumba vya kulala liko nje ya uwezo wao. Tulipokwenda kliniki ya mwisho pazia la kweli, la reli, lilikuwa limewekwa kwenye ile kona. Karatasi ya maziwa sikuiona.

Kwa anayeuliza kama ampeleke mgonjwa wake pale, jibu ni ndiyo, tena mapema, dalili za uchungu zikianza kabla ya wakati, kwa kuwa mtoto akisafiri tumboni ni salama kuliko akisafiri akiwa amezaliwa. Beba khanga zaidi ya mbili zilizofuliwa, kofia na soksi za mtoto, chupa ya chai, na bibi au shangazi asiye na kikohozi. Uliza majina ya manesi wa usiku. Hali ikibadilika, omba waziwazi kuitwa kabla, kumpakata, na kumfunikia kwa nguo yako, kwa kuwa ukiomba hawakatai. Na mtoto akifariki, usikubali kutoka getini kabla hujapata mambo mawili kwa maandishi: tarehe ya mama kuonwa katika wiki ya 6, na namba ya simu ya wodi ambayo baba anaweza kuipiga, siku akili ikitulia, kuuliza mwanawe alifariki kwa nini.